SOMO LA UTUNZAJI WA MAGARI: Injini Ikigonga, Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kuifungua

Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, msimu wa kununua pamba huanza kwa kawaida mwezi wa Mei. Wakati huo gari la chama halipumziki. Hubeba magunia, mizani, vitabu vya stakabadhi na watumishi, kutoka Bariadi hadi Maswa, Meatu, Itilima na Busega, mara nyingi katika barabara za vumbi na mashimo. Ndipo injini iliyovumilia miaka mingi huanza kugonga.

Hapo chama hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni kuambiwa kwamba injini imekwisha, Kamati ikaidhinisha fedha nyingi za wanachama kwa matengenezo yasiyohitajika. Ya pili ni kuudharau mlio, gari likaendelea na safari mpaka injini ikavunjika. Hatari zote mbili zina asili moja, nayo ni kutojua mlio unatoka wapi. Katibu si fundi, lakini ndiye anayepeleka hesabu ya matengenezo mbele ya Kamati. Kwa hiyo yampasa ajue maswali ya kuuliza.

1. Oili kwanza

Kabla ya kutafuta jambo lolote jingine, dereva asimamishe gari mahali palipo tambarare, azime injini na kusubiri dakika chache ili oili ishuke. Kisha achomoe kijiti cha kupimia, akifute, akirudishe na kukichomoa tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa imepungua, iongezwe kabla injini haijawashwa. Ikinuka petroli au ikiwa nyepesi mno, imwagwe na kubadilishwa, na sababu ya petroli kuingia itafutwe.

Taa ya oili huwaka ufunguo unapofunguliwa, na yapasa izimike mara injini inapowaka. Taa hiyo ikibaki inawaka, au ikiwaka safarini, injini izimwe papo hapo. Gari livutwe; lisiendeshwe hata kilometa moja.

2. Maswali manne ya kumwuliza dereva

Mlio unasikika upande gani: mbele, juu, chini, au nje ya injini? Unasikika lini: injini ikiwa baridi, ikiwa moto, au wakati wote? Unabadilika vipi gari linapopanda mlima au likiwa na mzigo? Je, ni mwepesi kama cherehani, au mzito kama nyundo? Majibu yaandikwe katika kitabu cha gari siku hiyo hiyo, kwa maana fundi akipewa maelezo hayo hupunguza muda wa kubahatisha.

3. Kelele zilizo nje ya injini

Barabara mbaya hulegeza bolti. Mara nyingi kinachopiga kelele ni bomba la moshi lililoachia kamba yake, bamba lililopasuka, au feni inayogusa rejeta. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, kila kitu kitikiswe kwa mkono.

Kama mlio unatoka mbele, mkanda wa feni uondolewe na injini iwashwe kwa sekunde chache tu. Mlio ukikoma, kasoro imo katika pampu ya maji au dainamo, wala si ndani ya injini. Mkanda urudishwe mara moja, kwa sababu bila pampu ya maji injini itachemka.

4. Kelele za ndani na maana zake

Mlio mwepesi wa haraka, juu ya injini, mara nyingi ni wa tapeti zilizolegea. Kamshafti, inayosukuma valvu, huzunguka nusu ya mwendo wa krankishafti. Ndiyo maana mlio wa tapeti husikika polepole kuliko mzunguko wa injini. Kasoro hii hurekebishwa kwa gharama ndogo.

Mlio wa kuchakacha mbele ya injini, hasa mafuta yanapoachiwa ghafula, waweza kuwa wa mnyororo wa taimingi uliolegea.

Mlio unaosikika asubuhi injini ikiwa baridi na kutoweka ikipata moto, mara nyingi ni wa pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Vumbi linaloingia kupitia chujio la hewa lililochakaa huharakisha ulegevu huo. Gari huweza kuendelea kufanya kazi, lakini chama kianze kuweka akiba ya matengenezo.

Mlio kama misumari ndani ya kopo, gari linapopanda mlima, ni wa petroli inayolipuka vibaya. Huletwa na injini kuchemka, moto wa plagi kutangulia mno, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji wa namna hiyo. Petroli inunuliwe kituoni kwa stakabadhi, wala si katika chupa za kando ya barabara.

Mlio mzito wa chini, unaozidi injini inapobeba mzigo, ni dalili ya beringi za koni rodi au beringi kuu kuisha. Huo ndio mlio wa kuogopwa. Injini izimwe, kwa kuwa beringi chache zilizobadilishwa mapema huweza kuokoa krankishafti nzima.

5. Kusikiliza kwa kijiti na kupima kwa plagi

Fundi huweka ncha ya kijiti kirefu cha mti juu ya injini na ncha nyingine karibu na sikio, akikihamisha hatua kwa hatua. Mahali mlio unapozidi ndipo karibu na kasoro. Nguo na mikono vikae mbali na feni.

Katika gari la petroli lenye distributa, fundi hukata moto wa plagi moja baada ya nyingine, injini ikiwa silensa. Waya ushikwe kwa koleo lenye mpini wa mpira, na ncha yake iguse chuma cha injini, kwa kuwa umeme wake ni mkali. Mlio wa kugonga ukipungua sana plagi fulani inapokatwa, koni rodi ya silinda hiyo ichunguzwe. Mlio wa tapeti haubadiliki. Jaribio hili lisifanywe kwa magari ya kisasa yenye vifaa vya elektroniki, na kwa dizeli aachiwe fundi mzoefu.

6. Mfano: Land Rover Series III

Gari hili lilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Injini yake ya lita 2.25 ina valvu 8, na nafasi ya tapeti zote ni milimita 0.25. Injini ikiwa imezimwa na gia imeondolewa, izungushwe kwa hendeli mpaka valvu ya 8 ifunguke kabisa. Hapo hupimwa valvu ya 1. Ya 6 ikifunguka, hupimwa ya 3. Jumla ya namba hizo mbili daima ni 9. Nati ikishakazwa, nafasi ipimwe tena kwa fila geji, kwa sababu kukaza huweza kuibadili.

7. Wajibu wa Katibu na Kamati

Kamati isiidhinishe kufunguliwa kwa injini mpaka fundi ameandika mlio unatoka wapi, ametumia jaribio gani, na kifaa gani kimeharibika. Vifaa vya zamani vilivyoondolewa virudishwe chamani vikaonwe. Oili nzito isikubaliwe kuwa dawa ya beringi. Huuficha mlio kwa siku chache, na ugonjwa huendelea. Dalili ya mvua ni mawingu: dereva anayetoa taarifa mapema ashukuriwe, asilaumiwe, la sivyo safari nyingine atanyamaza, na hasara itakuwa ya wanachama wote.

Maswali ya kujadili

1. Gari la chama chenu likianza kugonga njiani usiku, likiwa na vitabu vya malipo, dereva afanye nini kwanza?
2. Kwa nini mlio mzito wa chini ni wa hatari kuliko mlio wa tapeti?
3. Je, kitabu cha gari la chama chenu kinaonyesha tarehe ya mwisho ya kubadilisha oili?