Somo la Mkulima: Mpapai Ukigeuka Mweupe, Usikimbilie Dawa

Je, umeona majani ya mpapai wako yamejikunja, na upande wa chini umejaa kitu cheupe mfano wa unga? Huo si ukungu. Ni mdudu anayeitwa kidung'ata wa papai, na ukimwachilia anaweza kukumalizia shamba.

Mdudu huyu si wa kwetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Nchini Kenya aliripotiwa mwaka wa 2016 huku Pwani, Mombasa, kisha akasambaa hadi kaunti nyingine. Kwao asili hasumbui sana kwa sababu wapo wadudu wanaomwangamiza. Alipofika kwetu, aliwaacha maadui hao nyuma.

Jinsi anavyoharibu

Jike ana urefu wa milimita 2 hivi na hana mabawa. Hufyonza utomvu wa mti, na hutaga mayai 100 hadi 600 ndani ya mfuko mweupe wa nta. Majani hugeuka manjano na kupukutika. Matunda hufunikwa na nta, yakakosa mnunuzi. Pia hutoa majimaji matamu yanayootesha ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi hupenda majimaji hayo, hivyo humlinda kidung'ata dhidi ya maadui.

Jinsi anavyosambaa

Watoto wake hupeperushwa na upepo, au hubebwa na sisimizi, nguo na panga. Lakini safari ndefu tunamsafirisha sisi wenyewe kwa miche, matunda na magunia. Ule mche unaomzawadia shemeji yako unaweza kumpelekea hasara badala ya neema.

La kufanya

1. Kagua mipapai kila wiki, hasa chini ya majani machanga. Kagua pia mihogo, mabiringanya na maua ya haibiskasi, kwani huishi humo vilevile.
2. Wakiwa wachache, wasugue na kuwaosha kwa maji yenye sabuni kidogo.
3. Kata majani na matunda yaliyovamiwa sana, kisha uyachome au uyafukie papo hapo shambani. Usiyatupe njiani wala usiyabebe kwenda kwingine.
4. Safisha panga na ukung'ute nguo kabla ya kuingia shamba jingine.
5. Nunua miche kwenye kitalu kilichokaguliwa na KEPHIS.

Mbona usikimbilie dawa?

Nta ya kidung'ata huzuia dawa nyingi zisimfikie. Unatumia pesa, yeye anabaki, na wanaokufa ni wadudu marafiki. Miongoni mwa marafiki hao ni nyigu mdogo aitwaye Acerophagus papayae, ambaye hafiki hata milimita 1 na hamwumi binadamu. Hutaga yai ndani ya kidung'ata, na mtoto wake humla kidung'ata kutoka ndani. Wataalamu wa KALRO na CABI walimleta kutoka Ghana na kumwachilia nchini.

Mbinu hii imejaribiwa kwingine. Kidung'ata huyu aligunduliwa Tamil Nadu, India, mwaka wa 2008, akaharibu mipapai, mihogo na miforosadi. Mwaka wa 2010 nyigu waliletwa kutoka Puerto Rico, na mashamba yakapata nafuu.

Kwa hivyo, ukiona vidung'ata waliovimba, wakakauka na kugeuka kahawia, wengine wakiwa na kitundu mgongoni, jua rafiki ameshafika. Usikate wala kuchoma matawi hayo. Mwite afisa wa kilimo wa wadi yako aje aone kwanza.

Ukiona dalili, piga ripoti mapema na umjulishe jirani. Ukisafisha shamba lako naye akaliacha lake, kidung'ata atarudi kwako upepo ukivuma.