Reli Katikati ya Barabara: Somo Kutoka New York

Ndugu wanavikundi, hebu fikirini gari la moshi likipita katikati ya barabara ya soko, mbele ya milango ya watu. Mambo hayo yalikuwako New York, Marekani, na tunaweza kujifunza kitu.

Mwaka 1847 wakuu wa mji waliruhusu reli ijengwe juu ya barabara za magharibi mwa Manhattan. Viwanda na maghala ya huko yalihitaji mizigo, kwa hivyo faida ilikuwako. Lakini gari la moshi si mkokoteni! Haliwezi kumkwepa mtu, na hata breki zikifungwa linaendelea mbele kabla ya kusimama. Watu wengi walikufa, mpaka mahali hapo pakaitwa "Barabara ya Kifo".

Dawa ya kwanza ilikuwa nini? Wapanda farasi waliajiriwa kutangulia treni, wakipunga bendera nyekundu mchana na taa nyekundu usiku. Ilisaidia, lakini vifo havikuisha, maana reli ilibaki pale pale.

Mwaka 1908, baada ya mtoto wa miaka 7 kuuawa, mamia ya watoto waliandamana. Je, reli iliondolewa kesho yake? La. Mapatano ya mji, jimbo na kampuni ya reli yalikuja 1929. Mwaka 1934 reli mpya ilifunguliwa juu ya nguzo, kama mita 9 kutoka chini. Mradi wote uliondoa mahali 105 ambapo reli ilikatana na barabara. Mpanda farasi wa mwisho alifanya kazi hiyo 1941.

Baadaye malori yalichukua mizigo, na treni ya mwisho ikapita juu ya nguzo hizo 1980. Wengine walitaka zibomolewe. Wakazi wawili wakaanzisha chama mwaka 1999 kuzitetea, na kuanzia 2009 watu wanatembea huko juu katika bustani.

Basi tunaona mambo mawili. Bendera hupunguza hatari, lakini haing'oi chanzo chake. Tena, tangu maandamano ya watoto hadi reli ya juu ilipita miaka 26. Bandu bandu huisha gogo.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Ni hatari gani kijijini kwetu tunayoipungia bendera tu?
2. Chanzo chake ni nini, na ni nani mwenye uwezo wa kukiondoa?
3. Tukikataliwa mwaka huu, nani ataweka kumbukumbu ili tuendelee mwaka ujao?