Kuziba kwa Vena za Ini kwa Mtoto Aliyepandikizwa Ini

Ini hupokea damu kwa njia mbili. Ateri ya ini huleta damu yenye oksijeni nyingi. Vena ya lango la ini huleta takriban robo tatu ya damu yote, ikitokea kwenye matumbo na wengu. Damu hiyo ikishapita katika ini, hutoka kwa vena za ini na kuingia katika vena kuu ya chini, karibu na moyo. Makala haya yanahusu njia hiyo ya kutokea. Kwa mtoto aliyepandikizwa ini, njia hiyo inaweza kuziba polepole, hata baada ya miaka kadhaa. Lakini ikigunduliwa mapema, mara nyingi hufunguliwa bila upasuaji mkubwa.

Kwa nini huziba

Ugonjwa unaoongoza kwa kuwafikisha watoto kwenye upandikizaji wa ini ni kuziba kwa mirija ya nyongo tangu uchanga. Watoto wengi hupewa kipande cha ini la mzazi, utaratibu uliofanikiwa kwa mara ya kwanza nchini Australia mwaka 1989. Kipande hicho hutolewa upande wa kushoto, nacho ni kama sehemu moja ya tano ya ini la mtu mzima. Vena yake hushonwa kwenye vena kuu ya mtoto, na hatari ipo kwenye mshono huo. Siku za mwanzo, kipande kinaweza kugeuka na kuikunja vena. Miezi au miaka baadaye, ini linapokua huweza kuigandamiza, au kovu la mshono likaifanya kuwa nyembamba.

Dalili

Damu isipopata pa kutokea, hurundikana ndani ya ini. Ini huvimba, maji hujaa tumboni na wakati mwingine kifuani, wengu hukua, na chembe sahani za damu hupungua. Mtoto mwingine huwa hana dalili yoyote, na vipimo vya damu vya ini vikawa karibu na kawaida. Kwa hiyo, majibu mazuri ya damu peke yake hayatoshi kuondoa shaka.

Tuchukulie mtoto wa miaka minne aliyepandikizwa ini nchini India, ambako familia kadhaa za Afrika Mashariki hupeleka watoto wao. Amerudi nyumbani, na mwaka wa pili tumbo linaanza kujaa. Katika zahanati ni rahisi kufikiria utapiamlo, kichocho au kifua kikuu cha tumbo. Hayo yote yanawezekana. Lakini kwa mtoto huyu, vena iliyoziba ichunguzwe mapema. Dawa ya kupunguza maji itapunguza uvimbe, nayo vena itabaki imeziba.

Uchunguzi

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi ya Doppler, ambayo huonyesha mwendo wa damu. Katika vena nzima, mwendo huo hupanda na kushuka kufuatana na mapigo ya moyo. Ukiwa bapa na wa polepole, shaka huongezeka. CT-skani huonyesha umbo la vena. Uthibitisho hupatikana kwa kupitisha katheta ndani ya vena na kupima shinikizo pande zote mbili za mahali palipobana. Tofauti inayozidi milimita 5 za zebaki mara nyingi huhesabiwa kuwa ya kutibiwa.

Tiba

Tatizo likitokea siku chache baada ya upandikizaji, mara nyingi mtoto hurudishwa chumba cha upasuaji ili ini lipangwe upya, kwani mshono bado ni mbichi. Likitokea baadaye, tiba ya kwanza ni puto. Mtoto akiwa katika usingizi wa dawa, katheta huingizwa kupitia vena ya shingo, au kwa sindano kupitia ini lenyewe. Puto hujazwa mahali palipobana, hupanua vena, kisha huondolewa, na shinikizo hupimwa tena. Baadhi ya watoto hupewa dawa za kuzuia damu kuganda kwa muda.

Mzazi asivunjike moyo akiambiwa kazi hiyo irudiwe: kovu huweza kukaza tena, na watoto wengine huhitaji puto zaidi ya mara moja. Vena inayokataa kubaki wazi huwekewa stenti, yaani bomba dogo la waya. Madaktari huichelewesha kwa watoto wadogo kwa sababu mtoto hukua, ilhali stenti haikui pamoja naye. Vena ikiachwa imeziba kwa muda mrefu, ini hujaa makovu, na huenda njia pekee iliyosalia ikawa upandikizaji mwingine.

La kufanya

Mzazi, tunza muhtasari wa upasuaji wa mwanao na uuonyeshe kila uendapo kutibiwa. Mpeleke kwa ultrasaundi ya Doppler kwa ratiba uliyopewa, hata akiwa anacheza na kula vizuri. Usimwachishe dawa za kudhibiti kinga kwa uamuzi wako.

Mhudumu wa afya, mtoto aliyepandikizwa ini akija na tumbo lililojaa, wengu uliokua au chembe sahani zinazoshuka, andika neno «Doppler» kwenye fomu ya ultrasaundi, wasiliana na kituo kilichompandikiza, na umpe rufaa mapema.