Kila Hali na Desturi Yake

Hapa Kigali mimi huandika insha za Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na jioni huandika programu za Python. Kazi zote mbili nazifanya kwa chombo kimoja, GNU Emacs, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1985.

Insha ya gazeti nataka mistari yake isizidi herufi 60. Waandishi wa Python, kwa kanuni yao, huishia herufi 79. Emacs huhifadhi kipimo hicho katika kigeu kiitwacho fill-column, ambacho kwa kawaida huwa 70. Je, tukibadilishe kila tunapohama kazi? La! Emacs hujua kila faili iko katika hali gani: insha huwa text-mode, programu huwa python-mode. Kila hali ina kulabu yake, ambapo tunatundika maagizo yatakayotimizwa hali ile inapoanza. Andika haya katika faili ya init.el:

(add-hook 'text-mode-hook
  (lambda () (setq-local fill-column 60)))

(add-hook 'python-mode-hook
  (lambda () (setq-local fill-column 79)))

Hifadhi, funga Emacs, kisha uifungue tena.

Tazama sana neno setq-local, lililoingia katika Emacs 24.3 mwaka 2013. Maana yake ni kwamba thamani ni ya faili hii peke yake. Ukiandika setq-default mahali pake, kufungua faili moja ya Python kutabadilisha kipimo cha kila faili isiyo na kipimo chake yenyewe. Basi ukibonyeza M-q kupanga aya ya barua, mistari itatoka mirefu, nawe utashangaa imetokea wapi. Katika kompyuta inayotumiwa na wanafunzi wengi kwa jina moja la kuingilia, desturi ya mmoja itakuwa sheria ya wote.

Jambo la mwisho: usikisie, hakikisha. Bonyeza Control na h kwa pamoja, kisha v, andika fill-column, ubonyeze Enter. Emacs itakuonyesha thamani iliyopo, na kama ni ya faili hiyo tu.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Jaribuni leo, ndugu zangu, kwa faili mbili tu.