Je, jina la Van Wyk linathibitisha asili ya Kiholanzi?

*Babu yangu, mzaliwa wa Cape Town, aliitwa Van Wyk. Wazee husema tumetokana na Mholanzi wa enzi za Kampuni. Nitathibitishaje? – Mjukuu*

Unauliza kama jina linatosha kuwa ushahidi. Halitoshi. Kweli “van” huashiria mahali mtu alikotoka, lakini huko Rasi ya Tumaini Jema, baada ya Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki kutua mwaka 1652, hata watumwa waliandikwa “van Bengalen” au “van de Kaap”, na wengine baadaye walibeba majina ya mabwana zao. Utasema wazee hawadanganyi. Sawa, ila huyo Mholanzi wao huenda alikuwa Mjerumani, maana askari wengi wa Kampuni walitoka Ujerumani.

Kwa hiyo anza na babu, si na meli iliyomleta Mholanzi huyo. Tafuta jalada lake la mirathi katika hifadhi ya nyaraka, Cape Town: taarifa ya kifo iliyomo kwa kawaida hutaja wazazi wake na alikozaliwa. Panda kizazi kimoja kimoja hadi kwenye vitabu vya ubatizo, na usiruke majina ya mashahidi. Mara nyingi ni ndugu. Ukifika karne ya 18, daftari za mishahara ya Kampuni zilizoko The Hague zitakupa meli na mji alikotoka mwajiriwa. Kiholanzi cha kale kikikushinda, au ukikuta mtoto asiyeandikiwa baba, muone mtafiti wa nasaba. Kipimo cha DNA kitakuonyesha jamaa, hakitakutajia jina.