Mto wa mvua haungoji mtu: ujue kiangazi, uingie maji yakishuka

Wadogo zangu wa Kasongo, wa Kabambare, na wa kokote kunakosomwa Kiswahili, leo najibu swali la kijana mmoja anayekaa kwenye njia ya kwenda Kabambare. Ameandika hivi:

"Yaya, nyuma ya kijiji chetu kuna kijito. Kiangazi tunakivuka viatu mkononi. Mvua kubwa ikinyesha kinanguruma usiku kucha, kinaruka mawe, na kesho yake jioni kimeshapungua. Kwenye simu tumeona watu wanashuka maji kama yale kwa kayaki. Mimi na wenzangu tunapiga kafi tangu utoto, na tuna mtumbwi mmoja mwepesi. Tufanye nini ili tukiwahi kikiwa kimejaa?"

Mdogo wangu, sitakukataza. Kijana wa Maniema kupenda maji si ajabu. Wagenya walikuwa wakivusha watu kwenye mto Lualaba pale Nyangwe kabla wasafiri Livingstone na Stanley hawajafika. Lakini swali lako nitaligeuza kidogo. Wewe unauliza namna ya kukiwahi kikiwa kimejaa. Mimi nataka ukiwahi kikiwa kinashuka. Kati ya hayo mawili ndipo watu wanapofia.

Kwanza elewa una mto wa namna gani. Wale unaowaona kwenye simu wakicheza kule Jinja, Uganda, wako kwenye Nile inayotoka ziwa Victoria. Ziwa ni ghala: mvua ikate au inyeshe, maji yapo, na siku hizi mabwawa ya umeme ndiyo yanayoyapimia njia. Kijito chako hakina ghala. Chakula chake ni mvua ya jana tu, inayoteremka kutoka vilima vichache. Piga hesabu: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita mraba. Kilima chenye kilomita mraba 1 kikipata milimita 30, hizo ni lita milioni 30. Udongo ukiwa mkavu, sehemu kubwa inanywewa na ardhi. Udongo ukiwa umeshiba, karibu yote inakimbilia bondeni kwa mara moja.

Ndiyo maana mvua zile zile hazileti maji yale yale. Mvua za kwanza baada ya kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti zinaweza kunyesha kwa kishindo na kijito kisishtuke. Ukifika mwezi wa 11 au wa 12, au mwezi wa 3 na wa 4, ardhi imelowa hadi ndani, na mvua ya saa moja inakijaza. Usiseme "mwezi wa 9 ilinyesha hivi hivi na hatukuona kitu." Pima. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke uwanjani mbali na paa na miti, na kila asubuhi tia rula ndani. Andika kwenye daftari: milimita ngapi, na kijito kimefika wapi. Msimu mmoja wa kuandika hivyo utakufundisha kuliko video zote za simu.

Kijito chenyewe pia kitilie alama. Tafuta jiwe kubwa lisilotikisika, au nguzo ya daraja, na uchore mistari ya rangi moja juu ya nyingine. Mkishaizoea, hamtabishana tena kama maji ni mengi au machache. Mtasema "leo yako mstari wa pili," na kila mtu atajua maana yake.

Kazi kubwa ni ya kiangazi, wakati hakuna anayewaza kafi. Tembea kijito chote kwa miguu, kutoka pale mnapotaka kuanzia hadi pale mnapotaka kutokea. Kila jiwe liangalie kwa chini yake. Limetobolewa na maji? Kuna mwanya ambamo mguu unaweza kunasa? Halafu angalia miti iliyoanguka, mizizi inayoning'inia, magogo ya daraja la zamani, na mitego ya samaki iliyosimikwa na wenyewe. Mti uliolala mtoni unatisha kuliko poromoko, kwa sababu unafanya kama chujio la chai: maji yanapita, mtu anabaki, na nguvu ya mkondo inamshikilia pale pale. Msipoweza kuutoa kwa panga, andikeni kwamba mahali hapo mnatoka majini na kubeba chombo begani. Na mvua kubwa ikishapita, tembeeni tena, maana huangusha miti mipya.

Kiangazi hicho hicho, nendeni kwa mzee wa kijiji na kwa wavuvi. Mto una wenyewe. Livingstone alifika Bambarre, ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa Kabambare yetu, mwezi wa 9 mwaka 1869. Mwezi wa 11 akashuka hadi mto Luama, karibu na pale unapoingia Lualaba, akitafuta mtumbwi. Watu wakamkatalia. Wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wameshaumiza nchi, na kila mgeni alionekana ni mmoja wao. Mvua na maradhi vikamrudisha nyuma kwa miezi mingi, na Nyangwe akaifikia mwishoni mwa mwezi wa 3 mwaka 1871. Nanyi, kundi la vijana wanaokimbilia bondeni na vyombo begani, mtatia watu hofu, hasa upande wa Kabambare, ambako wenye silaha wamesumbua sana raia. Waambieni watu mapema, ulizeni njia ikoje, na mkiambiwa leo hapana, rudini nyumbani.

Sasa mvua imenyesha. Umeamka, kopo limejaa, kijito kinanguruma. Usikimbie na kafi. Kimbia na kijiti. Kichomeke pale pale maji yanapogusa ukingo, kisha kaeni mpike chai, mnywe bila haraka. Rudi ukitazame. Kikiwa kimezama, maji bado yanapanda, na safari haipo. Kikiwa kimeachwa pakavu, maji yanashuka.

Yako mengine ya kutazama kwa karibu. Maji yanayopanda hubeba majani, vijiti, povu chafu, wakati mwingine shina zima la mgomba. Rangi hubadilika ghafla kuwa ya udongo, na ukinyamaza unasikia mawe yakigongana chini. Maji yanayoshuka huacha mstari wa unyevu kwenye mawe juu ya usawa wake, na takataka zimelala kwenye majani ya kando, zimeachwa. Ukiuona mstari huo, na alama yenu ya rangi imefika pale mlipokubaliana, basi huo ndio mlango. Kwenye kijito kidogo hufunguka kwa saa chache tu, ndiyo sababu vyombo, kamba na watu viwe tayari tangu jana yake.

Na hata mlango ukiwa wazi, tazama mbali. Mbingu ya juu ya kichwa chako haitoshi. Luama inaanzia kwenye milima iliyo magharibi ya ziwa Tanganyika; mvua ya kule inawafikia watu wa Kabambare huku jua likiwaka. Kenya, kwenye korongo la Hell's Gate, watu 7 walichukuliwa na maji mwezi wa 4 mwaka 2012, na wengine 7 mwezi wa 9 mwaka 2019. Mvua ya juu iliwakuta wakiwa katikati ya kuta za mawe. Kwetu Kongo, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja nyumba za Uvira na kuua makumi ya watu. Tarehe 4 Mei 2023 ikawa zamu ya Kalehe, na zaidi ya watu 400 wakafa. Wale hawakwenda kucheza. Walikuwa makwao. Kwa hiyo wekeni mtu wa juu mwenye simu, kwenye kijiji kilicho juu ya mto. Akipiga kusema mawingu yamefunga, mnatoka wote, hata kama mmebakiza poromoko moja tu.

Kuhusu mtumbwi wenu. Kayaki unayoiona kwenye simu imefunikwa juu, mwenyewe amejibana kiunoni maji yasiingie, na kafi lake lina bapa pande zote mbili. Ikipinduka, aliyefundishwa huigeuza tena akiwa ndani. Mtumbwi wa gogo haugeuki hivyo. Ukijaa maji unakuwa mzigo mzito unaokufuata nyuma, na jiwe liko mbele yako. Uacheni kwenye maji mapana ya Lualaba. Kupinduka na kuogelea mjifunzie mahali ambapo wavuvi wamesema hapana mamba wala viboko. Kwenye kijito nendeni na chombo chepesi, mbele na nyuma mkifungie bidoni tupu zilizozibwa sawasawa ili kielee hata kikijaa. Kila mtu avae jile la kuelea na kofia ngumu. Asiyekuwa navyo akae ukingoni na kamba. Kazi hiyo ni ya heshima, maana ndiye atakayewavuta wenzake.

Ukianguka majini, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu juu ya maji, ukisukuma mawe kwa nyayo. Usijaribu kusimama maji yakiwa yanakimbia juu ya magoti. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakuinamisha, kichwa kinaingia chini. Subiri hadi ufike nyuma ya jiwe kubwa, pale maji yanaporudi kinyumenyume, ndipo utoke. Fundishaneni haya kwenye maji ya kiangazi hadi mwili uyafanye bila kufikiri.

Ujuzi peke yake hautoshi. Hendri Coetzee, mtu wa Afrika Kusini, alikuwa miongoni mwa wapiga kayaki wakubwa wa Afrika. Tarehe 7 Desemba 2010, kwenye mto Lukuga unaotoka ziwa Tanganyika, mamba alimvuta akiwa na wenzake wawili pembeni. Kwa hiyo pale kijito chenu kinapoingia mto mkubwa, ulizeni wavuvi kuhusu mamba na viboko, na mtoke kabla ya hapo. Tena, wale nzi wadogo weusi wanaoleta upofu wa mto huzaliana kwenye maji yanayokimbia, na konokono wa bilharzia hupenda maji yaliyotulia. Dawa ya upofu huo, Mectizan, ikigawiwa kijijini, meza. Ukiona damu kwenye choo, nenda kituo cha afya, usifiche.

Na wewe binti unayesoma huku ukijiambia kwamba haya ni ya kaka zako: daftari la mvua, kamba, kafi, vyote vina nafasi yako. Anayejua kusoma maji husikilizwa, awe nani.

Jambo la mwisho, nalisema kwa moyo wote. Siku mtakayochelewa, mkakuta kijito kimeshashuka, mtaumia. Siku mtakayofika mkakuta kinazidi kupanda, mtaumia zaidi, kwa sababu kitakuwa kizuri kukitazama na wenzako watakuwa wanasema "twende." Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kubalianeni leo, mkiwa bado pakavu, kwamba mmoja akisema hapana, ni hapana ya wote, na hakuna atakayemcheka. Kundi lisiloweza kuahidi hivyo lisiende mtoni.

Anza na kopo wiki hii. Msimu ukiisha, niandikie umeona nini kwenye daftari lako, nami nitalisoma lote.

Yaya wenu.