TV ya Dukani: Chuja Mwenyewe

Una fremu Kariakoo, TV umeitundika ukutani, na video za Bongo Fleva zinakuvutia wateja. Safi. Kazi inaanza pale mama anapoingia na mwanawe wakati skrini imejaa viuno.

Usisubiri orodha ya nyimbo zilizofungiwa. Mei 2022 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliagiza vituo visirushe video ya "Mtasubiri" ya Diamond na Zuchu, kisa kipande cha kanisani. Kwenye TV ikazimwa, YouTube ikaendelea kutazamwa. Machi 2024 Zuchu akafungiwa Zanzibar miezi 6 kwa shoo aliyopiga Kendwa, na adhabu hiyo haikuvuka bahari kuja huku. Wakati huohuo zipo video nzito kuliko hizo ambazo hakuna aliyezigusa. Kwa hiyo sheria ya fremu yako itunge wewe.

Anza na TV yenyewe. Fungua YouTube, ingia Settings, washa Restricted Mode. Rudia kwenye kila kifaa, maana ukiiwasha kwenye simu, TV haina habari. Itakufichia video zilizowekewa kikomo cha miaka 18 na nyingine nyingi. Lakini usilale. Mafumbo yetu ya Kiswahili mtambo hauyaelewi vizuri, na wimbo wenye jina la upole hupita bila kuulizwa.

Zima autoplay. Umeweka wimbo wa harusi, umegeuka kumpimia mteja kitenge, ukirudi kuna kitu kingine kabisa.

Tengeneza playlist yako. Kila video ipitie mara mbili: kwanza itazame bila sauti, kisha isikilize bila kuangalia. Utashangaa. Nyingine picha ni safi, maneno ndiyo matusi. Kama uko Mtaa wa Kongo penye kelele za wapiga debe, kaza zaidi kwenye picha, maana maneno hayasikiki. Saluni ni kinyume chake: mteja amekaa kusukwa saa nzima, kila neno linamwingia.

Flash ya kuingiziwa nyimbo mtaani ndiyo ya kuogopa zaidi. Humo hakuna kikomo cha umri wala Restricted Mode. Mwambie kijana anayekuingizia akuwekee "clean", halafu ipitie nyumbani na ufute usizozitaka kabla hujaichomeka dukani.

Password ya Wi-Fi usiigawe ovyo. Aliyeunganishwa nayo anaweza kurusha video ya simu yake kwenye TV yako.

Mfanyakazi wako mpe ruhusa ya kuruka wimbo bila kukuuliza. Mteja akilalamika, aseme "samahani mama", abadilishe. Ubishi wa "mbona kwenye TV wanaupiga" hauuzi hata soksi.

Kituo cha TV kikirusha kitu cha aibu mchana kweupe, andika jina la kituo, tarehe na saa. Waambie kituo kwanza, wakipuuza peleka TCRA. Wale wana meno: Januari 2021 waliifungia Wasafi TV miezi 6 kwa shoo ya msanii Gigy Money, ingawa baadaye adhabu ilipunguzwa hadi mwisho wa Februari. Video ikiwa ya YouTube, bonyeza Report, itoe kwenye playlist, endelea kuuza.